Dirisha la Dawa

Wiki iliyopita nilimwacha mke wangu anatoka saluni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima, na wanawake sita wanamwita arudi. Hakurudi. Kama hukusoma, nitakueleza kwa ufupi, maana leo sina nafasi ya kuzunguka.

Kazi yangu ni kupokea matangazo ya vifo katika gazeti hili hili ulilolishika. Watu wanaleta picha na maelezo, mimi napanga ukurasa. Ofisini wananiita Marehemu. Wanasema ni kwa sababu ya meza yangu. Nadhani ni kwa sababu ya uso wangu pia.

Pale mezani ndipo nilipojifunza kuandika hadithi. Aliyefiwa hasemi amefiwa. Anagombana na wewe kuhusu picha. Baba mmoja alibishana nami saa nzima kwamba picha ya mkewe isikatwe upande wa kushoto, kwa sababu hereni ya kushoto ndiyo aliyomnunulia yeye. Hakutoa chozi. Alipotoka nikaandika hereni ile kwenye daftari langu dogo la kijani, na mwezi uliofuata nikampa mtu wa kwenye hadithi yangu.

Wasomaji wakalia. Barua zikaja. Mhariri wetu, mama mmoja tunayemwita Mkasi kwa jinsi anavyokata maneno ya watu, akanipa ukurasa mzima kila Jumamosi.

Kisha mtoto wetu akafa. Alikuwa na siku kumi na tisa. Tulimwita Bosi, kwa sababu akilia wote tunasimama. Nami nikaandika hadithi ya mama anayekunja nguo za mtoto kila asubuhi, anazipanga kitandani, jioni anazirudisha sandukuni. Sikumtaja mke wangu. Nilidhani kutomtaja kunatosha.

Saluni ile ina utaratibu wake. Anayesukwa hawezi kuinamisha kichwa, kwa hiyo anayesubiri zamu ndiye anayesoma gazeti kwa sauti. Mke wangu alisikia nguo za mwanawe zikikunjwa mbele ya watu, mikono ya msusi ikiwa kichwani mwake. Msusi akasema, "Jamani, huyu mwandishi anajua uchungu." Hapo ndipo aliposimama.

Sasa tuendelee.

Kesho yake mchana nilimfuata kwa dada yake. Shemeji ni fundi cherehani, anashonea sebuleni, na siku hiyo sebule nzima ilikuwa sare za shule. Alinifungulia mlango akiwa na pini nne mdomoni.

"Viatu acha nje," akasema bila kuzitoa. "Na hilo daftari liache huko huko."

"Shemeji, sina daftari."

"Mfuko wa shati."

Nikashika mfuko. Lilikuwemo. Naapa sikukumbuka kulichukua.

"Mwache aingie nalo," mke wangu akasema kutoka ndani. "Nalitaka."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kichwa amekifunga kitambaa. Ile nusu iliyosukwa alikuwa ameshaifumua. Nilijikaza kisabuni, nikatafuta neno la kuanzia. Nimewaandikia watu wengi maneno ya kuombana msamaha. Siku hiyo nilipata moja tu.

"Umekula?"

Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Hilo ndilo swali lako?"

"Basi nikuulize nini?"

"Wewe ndiye mwandishi."

Shemeji akakanyaga cherehani. Kwa kweli alikuwa hashoni kitu. Nilimwona anapitisha kitambaa kile kile mara ya pili, na nikajikuta nalihifadhi jambo hilo kichwani kwa ajili ya hadithi fulani baadaye. Huo ndio ugonjwa wangu, sasa mmeuona.

"Soma," mke wangu akasema. "Siku ile ya hospitali. Soma uliyoandika."

"Ya nini, mke wangu?"

"Ya nguo wageni wameyasikia. Mimi nimesomewa na mtu anayesubiri kuoshwa nywele. Haya nisomee wewe."

Nikafungua daftari. Nikafika kwenye siku ile, nikashika karatasi mbili kwa pamoja nikazigeuza kama moja. Niliruka ukurasa. Nilidhani hakuna aliyeona.

Nikasoma: "Anashika blanketi kwa vidole viwili tu. Mguu mmoja una ndala, mwingine hauna. Anamwomba nesi afunge dirisha, mtoto asipigwe na baridi. Mtoto ameshafariki. Nesi anafunga dirisha."

Cherehani ikanyamaza.

"Endelea," akasema.

"Imeishia hapo."

"Baba yake yuko wapi?"

"Baba nani?"

"Mimi nimo. Nesi yumo. Blanketi limo, hata ndala imo. Baba yake yuko wapi humo ndani?"

"Mimi ndiye niliyekuwa naandika."

"Hilo nalijua. Nakuuliza ulikuwa wapi. Nilimtuma nesi akuite. Nilimtuma nikiwa nimembeba, bado anahema. Ulikuwa wapi?"

"Dirisha la dawa. Nilikuambia siku ile ile. Nilikuwa kwenye foleni."

Akaniangalia. Shemeji naye akaniangalia, kisha akainama kuokota pini ambayo haikuwa imeanguka.

"Sawa," mke wangu akasema. "Na ulihisi nini?"

Nilijaribu. Msidhani sikujaribu. Nilitafuta ndani kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa na ganzi, na kwamba bado ninayo, tangu siku ile mpaka leo sijalia hata mara moja.

"Ganzi ni ya mguu," akasema. "Mguu unaukalia mwenyewe ndiyo unakufa ganzi. Wewe umekalia nini?"

Nikatazama miguu yangu.

Akainuka, akaenda kwenye mkoba wake, akatoa barua. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu. Mwezi mmoja kabla ya hapo, bila kuniambia, alikuwa ameomba uhamisho, na sasa amepata shule iliyo mbali, safari ya siku nzima. Alitakiwa kuripoti Jumatatu ya kufungua shule.

"Hapa katikati kuna Jumamosi nne," akasema. "Umenivua nguo gazetini. Na wewe vua. Anza popote unapotaka, mpaka ufike korido ile ya hospitali. Usiandike nilivyolia mimi, hayo watu wameshanunua. Andika ulipokuwa wewe."

"Nikuambie tu hapa hapa basi. Kwa nini gazetini?"

"Hapa umeshaniambia. Umesema dirisha la dawa."

Moyo ulinipiga mara moja, kwa nguvu, kisha ukarudi kulala.

"Jumamosi ya nne nitarudi kwenye kiti kile kile kusuka," akasema. "Atakayesubiri zamu atasoma. Na mimi nitakuwa nimeshikwa kichwa, sitaweza kukimbia. Nikishasikia, nitajua kama Jumatatu nasafiri peke yangu."

"Na kama—"

"Viatu vyako viko nje," shemeji akasema.

Basi hiyo ndiyo sababu ya hadithi hii mnayoisoma. Wenye kumbukumbu mtakubali kwamba nimewazungusha. Jumamosi ya kwanza niliwaandikia meza yangu na watu wake. Ya pili, jinsi nilivyolinunua daftari la kijani. Ya tatu, saluni. Niliyaandika vizuri, barua zimekuja. Leo ni Jumamosi ya nne.

Alhamisi asubuhi nilimpelekea Mkasi sehemu ya leo. Saa nne akaniita.

"Marehemu, njoo na kiti chako."

Kwa Mkasi, kuambiwa uje na kiti ni habari mbaya. Habari njema anakupa ukiwa umesimama, mlangoni, huku anapokea simu.

Karatasi zangu alikuwa amezitandaza mezani. Hakukata neno hata moja. Alikuwa amezungushia wino mwekundu aya moja tu.

"Hapa baba wa mtoto anadanganya," akasema.

"Hadanganyi, mama. Alikuwa dirishani."

"Nisomee."

Nikasoma: "Nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi, mtoto alikuwa ameshafariki."

"Mbele yako alisimama nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

Nikaisoma tena ile aya.

"Mimi nakusoma huu mwaka wa sita," akasema. "Wewe ukienda chooni unarudi na habari za kifungo kilichokatika kwenye koti la mlinzi. Pini za mdomoni mwa shemeji yako umezihesabu. Halafu unasimama kwenye foleni ndefu, mwanao yuko hoi, na humwoni hata mtu mmoja? Hakuna anayekohoa? Hakuna mama anayegombania nafasi? Foleni hii haina watu. Umeichora."

"Nilikuwa nimechanganyikiwa."

"Aliyechanganyikiwa ndiye anayekumbuka vitu vya kipuuzi. Hilo sikulijua mpaka nilipokusoma wewe."

Nilitaka kukasirika. Hasira haikuja. Nilikaa tu, naangalia ule mduara mwekundu, na nilichokuwa nafikiria ni kwamba ameuchora vizuri, umefunga kabisa.

Akavua miwani. Mkasi akivua miwani anafanana na mama wa mtu.

"Nakuambia kitu ambacho ningekuambia zamani, lakini ulikuwa unatuuzia gazeti," akasema. "Wewe unajua watu wanavyoonekana wakiumia. Hujui kuumia. Unakaa pembeni ya kila hadithi na kalamu yako, mzima, mkavu. Nilidhani ni kipaji. Mwanao alipofariki ulikuja kazini siku ya tatu, ukapanga tangazo lake wewe mwenyewe, ukaniuliza picha ikae juu au chini. Niliogopa siku ile. Nilinyamaza. Hilo ni kosa langu."

"Nilikuuliza hivyo?"

"Uliniuliza mara mbili."

Sikumbuki. Nakumbuka vifungo vya makoti ya walinzi, hilo silikumbuki.

"Kurasa nazifunga kesho saa kumi," akasema, akavaa miwani. "Usipoleta nyingine, pale naweka tangazo la magodoro."

Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za nyuma, nikampigia shemeji.

"Shemeji, naomba kuongea na mwenzangu."

"Yuko na wanafunzi wa jirani, anawafundisha hesabu."

"Basi mwambie Jumamosi nitaandika kila kitu. Nitaandika vizuri ile habari ya dirisha la dawa."

Nikasikia cherehani inasimama.

"Shemeji," akasema taratibu, "karatasi ya dawa siku ile ilikuwa kwangu mimi. Daktari alinipa mkononi. Nikaenda dirishani, nikakuta limefungwa tangu asubuhi, wanahesabu dawa. Nikatoka nje, nikazunguka maduka matatu. Hakukuwa na foleni. Hakukuwa na dirisha."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Anajua?"

"Nilimwambia siku ya mazishi."

"Siku ya mazishi? Miezi yote hii?"

"Anajua hukuwa dirishani. Hajui ulikuwa wapi. Ameshafikiria mengi, shemeji. Mengine siwezi kukutamkia. Alikuuliza mara ya kwanza, ukasema dirisha. Akakuuliza hapa kwangu mbele yangu, ukasema dirisha. Unafikiri zile Jumamosi nne alikupa za nini?"

Simu ikakatika. Sijui kama alikata yeye au ni kidole changu.

Basi.

Korido ya wodi ya watoto ina benchi moja refu la mbao, limepakwa rangi ya kijivu, ncha moja imechubuka. Tulikuwa wanaume wawili tu kwenye benchi lile. Mimi, na mzee mmoja aliyevaa sweta limegeuzwa, mshono nje. Mzee alikuwa anamenya chungwa. Alilimenya taratibu kwa kucha, ganda lote likatoka bila kukatika. Kisha hakula. Akalichukua lile ganda, akalivisha chungwa tena, akalishika kwa mikono miwili lisifunguke.

Nikatoa daftari. Huo ndio ukurasa nilioruka.

Mlango ukafunguliwa. Nesi akasema, "Baba wa mtoto!"

Nilisikia. Nataka hilo lieleweke. Nilisikia vizuri kabisa.

Akaita tena. "Baba wa mtoto, njoo, mama anakuita."

Mzee akanigeukia. "Kijana, unaitwa."

Nikamwambia, "Namalizia."

Hilo ndilo neno nililosema. Nikainama, nikaandika jinsi chungwa lilivyovishwa ganda. Niliandika sentensi tatu. Zilikuwa sentensi nzuri. Nilibadilisha neno moja katikati, nikalifuta, nikalirudisha. Nilipoinua kichwa, nesi hayupo, mlango umerudishiwa, na mzee ananiangalia kwa namna ambayo sikuiandika.

Nikaingia. Mke wangu alikuwa amembeba. Akasema, "Umekuja." Kisha akamwomba nesi afunge dirisha, na mimi nikakaa miguuni mwa kitanda nikaendelea kuandika.

Jioni aliponiuliza nilikuwa wapi, nikasema dirisha la dawa.

Nilipofika hapa jana, karatasi ikiwa bado kwenye mashine ya kupigia chapa, nilikuwa tayari kuipeleka hivyo hivyo. Baba alichelewa kwa sababu ya kalamu. Wasomaji wangenisamehe, wengine wangeona hata ni ushujaa fulani wa waandishi. Kisha nikaona nimedanganya tena.

Sentensi haikunizuia. Niliogopa. Nesi alipoita mara ya kwanza nilijua kwa sauti yake, mimi nazijua sauti hizo, ndiyo kazi yangu. Nilijua kwamba nikisimama nitaingia ndani na itakuwa mwanangu. Nikibaki kwenye benchi, itakuwa chungwa la mzee. Nikachagua chungwa. Mwanangu alikuwa bado anahema, dakika tano nilikuwa nazo, nikazimalizia kwa mtu nisiyemjua.

Tulimwita Bosi kwa sababu akilia wote tunasimama. Mara ya mwisho mimi sikusimama.

Hicho ndicho nilichokikalia, mke wangu.

Najua wasomaji wangependa kusikia kwamba hapa nililia. Sijalia. Nilishindwa kupiga herufi, nikaenda kunawa uso, nikarudi, nikashindwa tena. Nikaona aibu, aibu ya kweli. Ni kidogo, lakini ni yangu, sikuitoa kwa mtu mezani.

Mkasi alisoma mpaka hapo akiwa amesimama. Alifuta neno moja, akalirudisha, akaenda dirishani akanipa mgongo.

Dada unayesoma kwa sauti hapo saluni, naomba hii sehemu ya mwisho uisome taratibu. Na wewe msusi, mwachie kichwa kidogo.

Mama Bosi. Hakuna anayekuita hivyo tena, nami niliacha kabla ya wote. Ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa saluni, kuna fundi viatu mwenye benchi. Ukisikia haya, niko hapo tangu wamefungua. Daftari nimeliacha kwa shemeji, kwenye kikapu cha vitambaa, lichome au ulihifadhi, ni lako. Mfuko wa shati hauna kitu, leo nimeushika mara mbili kuhakikisha.

Sijui utatokea mlango huu au ule wa nyuma. Sijui kama utasema njoo au utasema nenda. Lolote litakalokuwa, ukiita mara moja tu, nasimama.